Udongo wa Adelina

Enzi za Mwingereza, ukifuata njia ya mchanga inayotoka Kinondoni kwenda Tandale, kabla hujateremka bonde la Mto Ng'ombe, ulilikuta duka la Jafferali, na mbele ya duka benchi la mninga lenye mguu mmoja mfupi. Gavana alikuwa na serikali yake mjini, na wenye benchi walikuwa na yao, iliyofunguliwa alasiri na kufungwa kwa adhana ya magharibi. Hapakuwa na jambo lililowashinda pale, na asiyekuwa na la kusema alisema vilevile. Katikati alikaa Salumu muuza kahawa, dele lake likiunguruma juu ya jiko dogo la mkaa alilolikandika udongo kwa mikono yake. Kulia kwake alikaa Kasiani, mfagizi wa hospitali, ambaye watu walimwita Dokta naye akaitika. Kushoto alikaa mzee aliyepigana vita ya Burma, na kwa ajili hiyo hata wajukuu zake walimwita Bama. Jafferali hakukaa; aliegemea mlango wake, jicho moja kwa wateja, jingine kwenye mazungumzo. Wa mwisho alikuwa Kornelio, Mluguru wa Matombo, aliyeitwa Mchicha kwa sababu ya bustani ya mkewe. Alasiri hiyo alikuja amekunja uso, akakaa kwenye ncha inayoyumba, na hakuna aliyethubutu kumwita Mchicha.

— Shikamoo, Mzee Bama.

— Marahaba. Mbona sauti yako imekwenda kisimani?

— Bwana shamba karudi leo mchana.

— Yule Mhaya wa baisikeli? aliuliza Salumu akimpa kikombe.

— Projestus, ndiye huyohuyo. Kashika udongo, kaunusa, kaniuliza: hapa ni bustani au ni wodi?

Dokta alikohoa. Salumu alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Sasa hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana Kornelio hakuwa mtu wa kununa bila sababu. Adelina, mkewe, alikuja mjini bi harusi kutoka Matombo akiwa na kikapu cha udongo kichwani. Katika ukoo wao binti haolewi akaondoka mikono mitupu. Mama humchotea udongo wa shamba lake la maharage, ili huko aendako auchanganye na mbegu. Siku ile ndugu za Kornelio waliokulia mjini walicheka mpaka wakashika mbavu. Sisi tumetoa mahari, walisema, tumerudishiwa vumbi.

Adelina hakuwajali. Aliteremka bondeni kwenye mchanga ambao wenyeji walikuwa wameukatia tamaa, akapanda maharage ya kwao na udongo ule, na maharage yakaota yakapanda miti yao kwa fujo. Baada ya maharage akapanda nyanya palepale, halafu mchicha, halafu maharage tena, na kila zao liliacha ardhi ikiwa nzuri kuliko lilivyoikuta. Udongo mwingine aliuweka kwenye chungu nyuma ya nyumba, akiunyunyizia maji kama mtu anayetunza kuku wa mayai. Na kila palipokuwa na furaha mtaani, mtoto kazaliwa, au nyumba imeezekwa, wanawake wengine walipeleka sukari. Adelina alipeleka kopo la udongo. Alikuwa akisema maneno yaleyale: pandeni kitu.

Kornelio aliona haya. Siwezi kumtetea, aliona haya kweli. Alikuwa akimtangulia mkewe njiani, akiwaambia watu kwa sauti ya chini: mpokeeni tu, msimvunje moyo, akigeuka mtatupa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka Projestus alipokuja mara ya kwanza. Kijana alishangaa. Alilizunguka tuta, akang'oa shina moja la harage, akamwonyesha Kornelio vifundo vilivyojipanga kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu-chekundu kama ufizi.

— Humu mna vijidudu, alisema Projestus. Wako hai, wengi kuliko watu wote wa mji huu. Mzee, wewe hujui una nini hapa! Hawa ndio wanao...

Mvua ikashuka. Projestus akapanda baisikeli yake akakimbia na karatasi zake kwapani, na Kornelio akabaki na nusu ya somo. Angelikuwa na akili angelingoja nusu ya pili. Badala yake mvua ilipokatika aliichukua nusu ile, akaipandisha kijiweni.

Mtu akipeleka nusu ya habari kijiweni, hawezi kuondoka nayo nusu.

— Vijidudu! Dokta alikuwa ameruka siku ile mpaka benchi likainama. Mie nafanya kazi na vijidudu kila siku ya Mungu. Wana kazi moja tu, kuua.

— Lakini maharage hayafi, alisema Kornelio.

— Watayauaje, na ndiyo nyumba yao? Wanamngoja mlaji!

— Kule Bama, alidakia mzee, tuliambiwa Mjapani anaweza kukuwekea maradhi kwenye udongo. Unapita na buti lako, miezi sita baadaye huko kwenu mkeo anakohoa.

— Mjapani kafikaje Mto Ng'ombe, mzee wangu? aliuliza Kornelio.

— Nani alimwona akija? Ndiyo ujanja wake huo.

Jioni hiyo Salumu alizunguka na dele lake kama kawaida, na kila alipomimina kahawa alimimina na habari. Kufika kwake Uhindini, vijidudu walikuwa wameota miguu. Kesho yake Sakinabai, mkewe Jafferali, ambaye kila wiki alinunua maharage mabichi ya Adelina na kuyasifu kwa shoga zake, alimrudishia kapu lake huku machozi yanamlenga. Alisema ana wajukuu ndani. Wateja wengine hawakutoa hata sababu.

Kornelio akaingiwa na hofu. Akaona bustani inakwenda, na jina lake linakwenda nayo. Dokta akamtajia dawa, ile ya kuoshea vyoo vya hospitali, ukiitia majini inageuka maziwa. Jafferali alikuwa nayo dukani. Jumapili, Adelina alipokuwa misani, Kornelio aliteremka bondeni na madebe yake, akang'oa, akachoma, akamwaga, tuta baada ya tuta. Aliporudi nyumbani akakiona kile chungu. Akasema moyoni, kazi haifanywi nusu. Udongo wote akautumbukiza chooni, akakisugua chungu kikang'aa, akakaa mlangoni akingoja kushukuriwa.

Adelina aliinusa ile dawa tangu njiani. Alikwenda moja kwa moja bondeni na gauni lake la kanisani, akachuchumaa, akachota udongo akausogeza puani. Hakupiga kelele. Baadaye Kornelio alitamani heri angepiga.

Sasa vuli ilikuwa imeanza. Adelina alipanda upya, na miche ikatoka ya manjano, miembamba, ikasimama palepale bila kuongezeka, kama watu waliofika mahali pasipo mwenyeji. Juzi alikuwa amefunga nguo zake. Alisema ataondoka na lori la asubuhi kwenda Morogoro kwa kaka yake, na asubuhi hiyo ilikuwa kesho.

— Basi bwana shamba kasemaje? aliuliza Dokta, kwa sauti ndogo isiyo ya kidaktari.

— Kauliza ni nani aliyetuambia kwamba vijidudu wote ni wauaji.

— Ungemwambia ni mtaa, alisema Dokta.

— Kasema hawa wa kwetu walikuwa vibarua wa bure. Wanakaa kwenye mizizi, harage linawapa sukari kidogo, wao wanachukua chakula hewani wanalipa harage. Wakimaliza msimu, kinachobaki kinaliwa na nyanya, kinaliwa na mchicha. Adelina hakuwa anatia mbolea, nyie hamkujiuliza?

— Hewani? alisema Salumu. Hewani mna chakula?

— Ndivyo alivyosema.

— Basi mbona sie tunanunua?

— Acha mzaha, Salumu. Kornelio alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Kasema bado inawezekana. Mvua zimeshaisafisha ile dawa, ardhi inapona. Ila imekuwa tupu. Kasema nikipata udongo uleule, hata konzi moja, nikauchanganya na mbegu, watazaana wenyewe. Kama chachu ya togwa, unatia kidogo tu.

— Sasa si uende Matombo! alisema Bama. Shamba la mkweo si lipo?

— Mkwe wangu alifariki. Na pale kwake wameamriwa kukata matuta ya ngazi mlima mzima. Udongo wa juu umefukiwa, wa chini umeletwa juu. Kaka yake Adelina kasema hata magugu yanasita.

— Chukua basi udongo wa kunde, alisema Dokta, kunde ziko mpaka Bunju.

— Hawafai. Projestus kasema kunde zina watu wao, maharage yana wao. Hawapokeani.

— Lo! alisema Salumu. Hata huko chini kuna makabila?

Walicheka kidogo, halafu kicheko kikawafia. Kornelio aliwatazama mmoja mmoja. Hao ndio waliomshauri kuua, na hapo alikuwa amekuja kuwaomba wamshauri kufufua. Aliona upuuzi wa jambo hilo, lakini alikuwa hana mahali pengine pa kwenda. Nyumbani kulikuwa na robota la nguo mlangoni.

— Nisaidieni, jamani. Adelina anaondoka kesho. Nitaupata wapi udongo wa namna ile?

Kukisaidia kijiwe ni kukipa swali. Dokta akajiweka sawa.

— Mgonjwa aliyeishiwa damu huongezewa damu. Ardhi nayo itiwe glukosi. Mie naweza kuzungumza na mtu pale hospitali.

— Glukosi unamtia mgonjwa aliye hai, alisema Bama. Hapa wamekufa askari wote. Unatakiwa kuleta jeshi jipya. Mie najua lilipo.

— Wapi?

— Kwa Gavana. Wazungu hawali mboga za sokoni, lazima bustani yake ina maharage. Unapita ufukweni usiku, ukuta ule si mrefu. Nilipita mrefu kuliko ule kwa tumbo, na Mjapani yuko juu yake.

— Na ukikamatwa, mzee? aliuliza Dokta. Utasema umekuja kuiba nini?

— Udongo! Udongo ni wa nani? Ngoja waniulize hivyo mahakamani, niwaulize na mie.

— Hapo umenena, alisema Salumu, lakini Gavana atakuwa na vijidudu wa Kizungu. Watakaa na Adelina kweli? Watataka vyandarua. Mie naona twende kwa mapadri. Mapadri wamekaa Matombo tangu enzi za Mjerumani, buti zao zina udongo wa kule. Tukakwangue buti.

— Buti za mapadri zinapigwa rangi kila siku, alisema Kornelio.

— Makanzu basi. Pindo la chini.

Jafferali aliingilia kutoka mlangoni. Tangu Jumapili ile alikuwa haongei sana mbele ya Kornelio.

— Babu yangu kule Kachi, Bara Hindi, bwana Kornelio, alikuwa anachukua sukari guru, anachukua samadi ya ng'ombe, anakoroga kwa pipa, anamwagia shamba. Alisema analisha wanaokaa chini. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

— Alikuwa analisha akina nani? aliuliza Kornelio.

— Hakusema. Na sisi hatukuuliza.

Halafu Dokta, ambaye kimya kilimuuma kuliko jipu, akasema kwamba hao wa Kachi walikuja na meli, na kwa hiyo kule Kurasini, mahali magunia ya maharage yanaposhushwa, lazima vijidudu wengine wanadondoka gatini. Bama akasema wakidondoka watakanyagwa na mahamali. Salumu akasema vijidudu hawakanyagiki, wangekanyagika dunia isingekuwa na maradhi. Dokta akasema basi atafutwe kijidudu mmoja mwenye mimba, mmoja tu anatosha, aletwe kwenye chupa. Bama akauliza nani atampima mimba. Walikuwa wamesahau lori. Walikuwa wamemsahau na Kornelio, waliyekuwa wakimgombania. Yeye alikuwa akiutazama mguu mfupi wa benchi na kuwaza kwamba miaka yote hii alikaa hapa akiwasikiliza watu wanaosema sana, na bondeni palikuwa na mtu mmoja asiyesema, na akachagua kusikiliza huku.

Ndipo wakageuka wote kwa pamoja. Adelina alikuwa akija njiani.

Mwanamke hakuwa na desturi ya kukanyaga pale. Wanawake walinunua dukani kwa mlango wa pembeni, macho mbele. Adelina aliivuka njia, akaja mpaka mbele ya benchi, kikapu kikubwa kikiwa kimening'inia mkononi. Dokta alisogea kumpisha mahali, hakukaa.

— Shikamoo, Mzee Bama. Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa.

— Asante. Sitakaa.

Kornelio aliinua macho. Aliutazama uso wa mkewe akauona, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, hauna hasira. Ulikuwa na kitu kibaya zaidi kwake: ulikuwa na matumaini.

— Mwenzenu atakuwa amewaeleza maneno ya bwana shamba, alisema Adelina. Nimekaa nyumbani nawaza, wapi tena, wapi tena. Nikajicheka. Nilikuwa nahangaika kama mtu anayetafuta kilemba na kiko kichwani mwake. Si niliwapeni? Shemeji Kasiani, ulipopata yule binti wa kwanza. Mzee Bama, ulipoezeka. Salumu, ulipooa. Wewe Jafferali, mama alipopona. Kila nyumba hapa nimeipa. Sitaki wote, mniachie kidogo kidogo tu.

Akatabasamu, akauliza:

— Mliupandia nini?

Ni swali ambalo mtoto angelijibu. Watu waliokuwa na majibu ya Mjapani na ya Gavana na ya mimba ya kijidudu walitazama chini, kila mtu miguu yake. Dokta alikumbuka kizingiti chake kilichokuwa na ufa, alichokiziba kwa udongo ule mvua isipite. Bama alikumbuka mbavu za ukuta wake, alizozikandika nao. Jafferali aligeuka kama aliyeitwa ndani, na ndani hakukuwa na mtu.

Kornelio alikuwa akiwajibia wote moyoni. Akigeuka mtatupa. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya chini, ya kirafiki, mlango kwa mlango. Mtaa mzima ulikuwa umemtii.

— Salumu? alisema Adelina.

Salumu hakuweza kusema uongo, maana ushahidi ulikuwa mbele yake una moto.

— Nilikandikia jiko, shemeji. Ulikuwa mzuri, unashikana. Nikasema utanifaa.

Adelina alichuchumaa mbele ya jiko. Alipeleka kidole pembeni, mahali pasipounguza sana, akakwangua. Udongo ule ulikuwa umepikwa na mkaa alasiri baada ya alasiri, juu yake kahawa, kandoni mwake maneno. Ulikuwa tofali. Ulitoa unga kidogo mwekundu kwenye ukucha wake, naye akaupeleka puani, kama alivyofanya siku ile na gauni la kanisani, akakaa hivyo kwa muda.

— Asante, Salumu, alisema. Angalau wewe uliutumia.

— Shemeji, mie...

— Hapana, usijali. Sikuwaambieni ulikuwa na nini. Mimi mwenyewe sikujua, mama alinipa tu.

Alisimama, akajipangusa. Salumu, kwa kukosa la kufanya, alichukua kikombe safi akainamisha dele ammiminie. Lilitoa mashapo, likakauka. Akaliinamisha zaidi, kisha akalirudisha jikoni taratibu. Kutoka upande wa Tandale adhana ilianza, na siku hiyo hakuna aliyesema kwamba bado mapema.

— Baba, Adelina alimwambia Kornelio, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeomba kuletewa maji. Kesho unisindikize kwenye lori. Mzigo si mzito.

Akamwekea kikapu kitupu miguuni, akaondoka.

Kornelio alikiokota. Alikijua kikapu kile. Kilikuwa ndicho alichokuja nacho bi harusi. Nyumbani walikuwa na vikapu vidogo viwili, vya kubebea mboga, lakini Adelina alikuwa ameviacha akachukua kikubwa, cha kutosha udongo wa nyumba zote.